Kunguru Anayekuja Kulala Kwetu

Barabara ya Mlima Kinnear,
S.L.P. 14,
Kaunti ya Carleton,
New Brunswick.
14 Machi 2013

Mpendwa mwanangu Lorne,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko theluji iliyobaki hapa uani, na hiyo bado inanifika magotini. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umevaa fulana mbili, na kifua hakikubani. Redio ilianza kusema baridi ya huko kwenu mgodini kaskazini imefika wapi, nikaizima kabla hawajamaliza. Sikutaka kujua zaidi.

Sisi hatujambo. Baba yako hajambo, nyonga inamuuma tu kukiwa na mvua au akitumwa kuni. Shangazi yako Ardith hajambo, sikio la kushoto limekufa kabisa, na la kulia anasikia yale yanayomfaa. Dada yako Glenda mzima. Perley mumewe mzima, anasema viazi vya ghalani vimelala vizuri mwaka huu, havijachipua. Tessa wao ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anatema mate akikuita mjomba. Mdogo wake Wade ana mafua tangu Krismasi, na hayo mafua nitayarudia kwa sababu yamo kwenye habari hii. Mbwa wetu Rusty hajambo, ila uzee umemwingia, anabwekea magari yakishapita. Wendell na mkewe Noreen wa ng'ambo ya barabara wanakusalimu. Na mimi sijambo, miguu inavimba kidogo jioni. Usiwe na wasiwasi. Niachie mimi wasiwasi, nimeuzoea.

Zile soksi zilifika? Hukusema. Kama zinakubana kisigino niambie, nitafuma nyingine, sufu ninayo.

Mwanangu, unajua niliacha shule mapema nikaenda kuvuna viazi, kwa hiyo nikiruka jambo utaliunganisha mwenyewe. Ningekupigia simu, lakini simu iko jikoni, na baba yako siku hizi anashinda jikoni kwa sababu kompyuta iko jikoni. Ndiyo maana naandika nikiwa huku chumba cha kufulia, karatasi nimeiweka juu ya mashine, nayo inatikisika. Maneno yakipanda na kushuka ujue ni mashuka yanazunguka, mimi sijaugua.

Nina swali moja kwako. Baba yako amemwalika mtu aje kulala kwetu ili wapige picha za bundi pamoja. Mtu mwenyewe anajiita Kunguru. Hatujawahi kumwona, na mwaliko wenyewe bado hajaujibu. Nataka uniambie, mwanangu, kama mtu huyo ni wewe.

Usicheke. Ngoja nikueleze nilivyofika hapo.

Wewe na baba yako hamjasemezana tangu mavuno yale. Mimi nilikuwepo, nilikuwa kwenye mkanda wa mashine nachagua viazi. Lori linasubiri, watu wanasubiri, na wewe umelala kifudifudi kwenye mtaro na kamera yako, tope mpaka kwenye nyusi, unamvizia bata. Baba yako akasema mbele ya wavunaji wote, "Mwacheni alale. Bata wakianza kumlipa mshahara atatuambia." Watu wakacheka. Wewe ukajikung'uta, ukaingia ndani, ukatoka na begi. Tangu siku hiyo ukipiga simu akaipokea yeye, anasema, "Ngoja nikuitie mama yako," na wewe unasema, "Haya." Maneno yenu ya miaka yote hii nikiyakusanya hayajai kijiko.

Sasa, baada ya kuanguka kwenye trekta na kumwachia Perley mashamba, baba yako alikaa kwenye kile kiti cha dirishani akatazama theluji. Hataki karata, hataki televisheni, chakula anakila kama anamsaidia mtu. Niliogopa, Lorne. Nilijua wanaume wanaokaa hivyo hawakai muda mrefu. Kisha siku moja nimetoka kanisani namkuta amesimama mlangoni mwa kabati la chumba cha nyuma, ameshika ile kamera yako ya zamani uliyoiacha. Ameishika kama mtu anavyomshika kuku mgonjwa.

"Hiki kinawashwa wapi?" akaniuliza.

"Mimi nitajuaje? Mpigie mwenye nayo."

Akasema atapapasa mwenyewe.

Akapapasa. Akapiga picha mguu wake, akapiga picha dari, akampiga picha Shangazi Ardith amelala mdomo wazi, na hiyo Ardith hajaisamehe. Glenda alipoona hivyo akamwingiza kwenye klabu moja ya kwenye mtandao, ya watu wanaopiga picha ndege na paa kisha wanawekeana wapate kusifiana. Ni watu wazima wenye nyumba zao. Kila mmoja ana jina la kujificha. Baba yako anajiita Kiazi Mzee. Wendell anajiita Jicho la Tai, ingawa mwaka jana aligonga sanduku la barua langu mchana kweupe.

Picha ya kwanza ya baba yako ilikuwa ya ndege mmoja wa buluu kwenye mti wetu wa tufaha. Kwa lenzi ile fupi ya kamera yako, ndege alikuwa mdogo kama punje ya mchele. Watu wakauliza ndege yuko wapi. Wendell akamtetea, akachora duara jekundu akaandika, "Huyu hapa, safi sana, hata manyoya yanahesabika." Tessa akaja kutazama, akasema, "Babu, hicho alichokizungushia ni kifundo cha mti."

Halafu likaja jambo la doa. Kila picha ya baba yako ina kidoa cheusi juu kulia, angani. Picha ya mti, doa lipo. Picha ya ng'ombe wa Perley, doa lipo. Wanaklabu wakaliona, wakaanza. Mmoja akasema ni tai anapita mbali. Mwingine akasema tai haruki hivyo, huyo ni mwewe wa kaskazini, na kwa majira haya ni ajabu, apigwe picha tena. Wendell akasema mabawa anayaona kabisa. Walibishana wiki nzima, wakakaribia kutukanana, na mwanamke mmoja wa Fredericton akajitoa kwenye klabu. Baba yako alikuwa anatembea hapa nyumbani amevimba kifua. Kila akitoka na kamera, mwewe yupo.

Ndipo akaingia huyo Kunguru. Aliandika kwa upole, nakumbuka, maana baba yako aliyasoma kwa sauti: "Kiazi Mzee, samahani, sidhani kama ni ndege. Ni vumbi limeingia ndani ya kamera likakaa kwenye kioo. Tafuta kile kimpira cha kufyonzea mtoto makamasi, kikiwa kipya na kikavu, upulize taratibu. Usipulize kwa mdomo, utaliongezea mate."

Baba yako akaifunga kompyuta. Nikadhani ameudhika. Kumbe anafikiria makamasi. Akavaa koti akaenda kwa Glenda na fimbo yake, kwenye barafu, mwanangu, mtu aliyekuwa hataki hata kwenda chooni. Akarudi na kimpira cha Wade. Nikamwambia, "Ameandika kiwe kipya." Akasema amekiosha. Doa likatoka. Wade ndiye huyo mpaka leo anapumulia mdomo, na Glenda anasema baba hajamrudishia kimpira, na baba anasema hicho sasa ni chombo cha kazi.

Tangu hapo, ni Kunguru, Kunguru, Kunguru. Kunguru kasema hivi, Kunguru kasema vile. Wendell akanunua lenzi ndefu kama bomba la jiko, nyeupe, akaivika kitambaa chenye michoro ya majani mabichi ili ndege wasiione. Majani mabichi, mwezi wa Februari, kwenye theluji. Unamwona kutoka kanisani. Noreen anasema lenzi hiyo inalala kitandani katikati yao, isije ikashikwa na unyevu, na yeye Noreen hajawahi kufunikwa vizuri namna hiyo. Baba yako akatamani ya kwake. Alikuwa tayari kuuza mashua. Akamwandikia Kunguru, naye akajibu kwamba asiuze kitu. Eti lenzi haimsogezi ndege, inasogeza hewa iliyo katikati na ubovu wake wote. Akae garini, azime injini, azoeleke. Ndege wanamwogopa mtu ila gari hawalijali. Na kamera aitulize kwenye dirisha la gari juu ya mfuko wa maharage makavu.

Jumamosi nimeamka nichemshe maharage yetu ya kila Jumamosi, debe tupu. Nimeyakuta kwenye soksi, ile ya kijivu niliyokufumia wewe ukaisahau, imeshonwa mdomo kwa kamba ya kuvulia samaki. Nikamwambia, "Eldon, leo Jumamosi. Watu wanakula nini?"

"Kaangeni mayai."

"Tangu lini Jumamosi nyumba hii ikala mayai?"

"Tangu bundi aje," akasema.

Maana alikuwa amekuja. Bundi mkubwa wa kijivu, wa kwenu huko kaskazini, ambaye hapa hupita mara moja kwa miaka mingi theluji ikizidi. Anakaa juu ya nguzo za uzio nyuma ya ghala la viazi, mchana, anatazama panya wa shambani wanaopita chini ya theluji, na ana uso mpana kama sahani ya keki. Baba yako alikuwa anatoka asubuhi na soksi yake ya maharage na chupa ya chai, anarudi pua imekuwa nyekundu, anacheka peke yake. Alileta kamera ndani kwenye joto ikalia machozi kioo chote, akataka kuiweka kwenye oveni na mikate yangu. Kunguru akamwambia aifunge kwenye mfuko wa nailoni akiwa bado nje, ipate joto polepole. Mifuko yangu ya mikate imekwisha yote. Mkate wa wiki hii nimeufunga kwenye foronya.

Sasa sikia kosa alilofanya. Hao watu wa klabu wana mwiko wao mmoja mkubwa, kwamba bundi hasemwi alipo. Unaweka picha, unaandika "mashariki ya mto," basi, ukisema zaidi unafukuzwa, kwa sababu watu watakuja kumzonga ndege wa watu mpaka ahame. Baba yako mwiko aliujua. Aliandika vizuri kabisa, "Mashariki ya mto, siwezi kusema zaidi." Lakini picha yenyewe bundi yuko mbele, na nyuma yake ghala letu, na juu ya ghala maandishi meupe ya babu yako, marefu kuliko mtu: TOMPKINS NA MWANAWE, VIAZI.

Kesho yake asubuhi nafungua pazia, barabara imejaa magari. Watu na lenzi zao wamejipanga kwenye uzio kama wanasubiri mfalme apite. Mmoja wa Maine alizamisha gari mtaroni, Perley akaja na trekta kumvuta. Nilikuwa na gauni la kulalia. Ningefanya nini? Nilikaanga chapati za maji tangu asubuhi mpaka unga ukaisha, wakala na ile shira tunayopika kwa utomvu wa mti wetu, wakanisifu, mmoja akazipiga picha chapati. Jamaa mwingine akaingia na boksi, akaomba liwekwe karibu na jiko lisipate baridi. Shangazi Ardith akadhani ni biskuti, akalifungua. Panya weupe, Lorne, wa dukani, kaja nao amtupie bundi ili aruke vizuri mbele ya lenzi. Baba yako aliposikia hayo alimtoa yule jamaa na fimbo mpaka barabarani. "Bundi huyu anajitegemea," anamwambia, "kamlishe mkweo." Panya wawili hatujawapata mpaka leo. Ardith analala na viatu.

Na ni siku hiyo ndipo nilipoanza kukufikiria wewe. Maana vurugu ilipotulia baba yako alifungua kompyuta akakuta Kunguru alishamwandikia tangu alfajiri. Akasoma kwa sauti kama kawaida yake: "Kiazi Mzee, ondoa picha hiyo upesi, jina la ghala linasomeka. Na mlango wa upande wa mtoni ufunge kwa kamba, komeo lake halishiki. Upepo ukiugongesha, bundi atahama."

Mimi nilikuwa nasugua kikaango. Nikakiweka chini. Mlango wa mtoni haumo kwenye picha ile. Hata ukisimama barabarani huuoni. Na komeo lake halishiki tangu wewe ulipoligonga na baiskeli.

Nikamtazama baba yako. Akasema, "Anajua mambo huyu jamaa," akachukua kamba, akatoka. Basi. Nikasema moyoni, wanaume hawa unaweza kuwaandikia ukutani wasisome.

Tangu siku hiyo nasikiliza. Unajua baba yako anaandika kwa kidole kimoja na kila neno analisema akiliandika, kwa hiyo siri zake zote mimi nazipata nikiosha vyombo. Siku moja alikuwa anaandika, polepole, "Ni-na ki-ja-na wa-ngu. A-li-pe-nda ma-mbo ha-ya. Ni-li-mche-ka mbe-le ya wa-tu." Nikafunga bomba nisikie vizuri. "Sa-sa mi-mi ndi-ye ni-na-ye-la-la ma-to-pe-ni." Halafu akauliza kuhusu lenzi, kama kwamba hilo ndilo alilokuwa anauliza muda wote.

Kunguru hakujibu siku hiyo. Hakujibu na ya pili. Baba yako alikuwa anafungua kompyuta kama mtu anayekagua mtego. Nilichoka nikamwambia, "Pengine yuko kazini." Hatimaye jibu likaja. Lilisema lenzi aliyonayo inamtosha, asubiri jua liwe nyuma yake ili macho ya bundi yang'ae. Na chini kabisa: "Huyo kijana wako, akiwa na tope mpaka kwenye nyusi, nadhani alichekesha kweli."

Baba yako alicheka mpaka akakohoa, mpaka Ardith akasikia. Mimi sikucheka. Habari ya tope kwenye nyusi yeye hakuiandika. Nilimsikiliza kidole kwa kidole, hakuiandika.

Basi juma lililopita akamwalika. Akamwambia theluji ikiisha bundi ataondoka, aje kabla, chumba kipo, mke wake anapika. Na Kunguru tangu hapo kimya. Baba yako haulizi kitu, ila anaamka mapema kuliko jogoo wa Wendell, na kifungua kinywa anakitazama tu. Naanza kumwona tena kwenye kile kiti cha dirishani.

Ndiyo wasiwasi wangu huo, mwanangu. Kama si wewe, basi nina mtu mzima asiyejulikana anakuja kwangu na lenzi ndefu, sijui anakula nini, sijui kama ana mke, sijui anakoroma, na baba yako keshamtolea yaliyo moyoni ambayo mwanawe hajawahi kuyasikia. Na kama ni wewe, unaogopa nini? Na akija kugundua mlangoni, ataona amechezewa? Unamjua alivyo, anaweza kugeuka akaingia ndani, na safari hiyo mimi sitaweza kuwaunganisha tena. Nimelala vibaya siku zote hizi. Nilikuwa nataka kukushauri umwambie kwanza, taratibu, kwa...

Nimeacha hapo kwa sababu nimesikia msumeno ndani ya nyumba.

Nimeenda. Baba yako yuko chumba cha nyuma, amepiga magoti na nyonga yake ile, anakata ubao wa miguuni wa kitanda. Kitanda cha mwaloni, alichokichonga babu yako kwa mkono.

"Eldon, umeingiwa na nini?"

"Mgeni mrefu," akasema. "Miguu itagonga."

"Umemwona wapi huyo mgeni?"

"Sijamwona."

"Sasa urefu wake umeujuaje?"

Akapuliza vumbi la mbao, kwa kile kimpira cha Wade, akaendelea kukata. "Miaka yote kalala hapa amejikunja kama mkasi," akasema. "Kila mwaka nasema ubao huu nitaukata. Shika huku, mama, unatikisika."

Nikashika. Akakata kidogo, nikamuuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku ya kamba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, asingeniandikia tena."

"Na sasa hajakujibu."

"Najua hajanijibu. Shika vizuri."

Ubao ukaanguka, Rusty akabweka, amechelewa kama kawaida. Baba yako akalala kitandani na viatu vyake ili apime, akajinyoosha, miguu ikaning'inia nje. Akasema hiyo sawa, na yule ni mrefu kuliko yeye. Kisha akashindwa kuinuka kwa ajili ya nyonga, nikamvuta mimi.

Kwa hiyo, Lorne, lile swali nililokuuliza lifute. Usinijibu kwamba ni wewe wala si wewe. Na usimwambie kwamba nimekwambia. Njoo kama Kunguru. Atakufungulia mlango atasema karibu, Kunguru, na wewe utasema asante, Kiazi Mzee, na mkitaka kuitana hivyo mpaka barafu ya mtoni ipasuke, mimi sina neno, nitawapakulia tu. Kwenye hizo lenzi mnaelewana. Anzeni na hizo.

Maharage nimeshanunua mengine, ya kuliwa. Njoo na koti la mvua, matope ya mwaka huu yatakuwa mengi na najua nyote wawili mtayalalia. Wendell anataka kukuonyesha bomba lake la jiko, umsifie kidogo, labda atatulia alitoe kitandani, Noreen apate kulala.

Glenda anakusalimu sana, na Perley, na Tessa na mate yake, na Wade na mafua yake. Shangazi Ardith anasema ukija ufungue boksi lolote wewe kwanza. Msalimie Etienne unayekaa naye chumba kimoja, mwambie asikuache utoke bila kofia. Mungu akulinde huko mgodini chini ya ardhi na huku juu ya barafu, ayatulize mawingu ndege ipite, akufikishe ukiwa na vidole vyako vyote.

Ni mimi mama yako nikupendaye,
Velma

Perley anaenda mjini sasa hivi na barua hii, ameshawasha gari. Jibu upesi, mwanangu. Ukimjibu baba yako kwanza sitanuna.